Wanataka kunichoma neva za mgongo, na kila mtu ana lake la kusema

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 46, nina mke na watoto. Naandika kwa sababu nimepewa siku ya kurudi kliniki kutoa jibu, na mpaka sasa jibu sina.

Mgongo wangu wa chini unaniuma kwa miaka mingi. Haukuanza kwa ajali wala kwa kubeba mzigo. Ulianza kidogo kidogo upande wa kulia, baadaye ukawa pande zote mbili. Maumivu yanakaa kiunoni, yanashuka kwenye makalio, mara nyingine mpaka nyuma ya paja, lakini hayavuki goti. Nikisimama sana napata taabu, nikijinyoosha kwenda nyuma ndiyo balaa. Soksi sivai kama watu wengine. Naitandaza sakafuni, naifungua mdomo kwa kidole gumba cha mguu, kisha naingiza mguu taratibu huku nimeshika ukingo wa kitanda. Zamani mke wangu alikuwa akiniona hivyo anacheka na kunitania. Siku hizi anageukia pembeni.

Vidonge nimemeza vya kila rangi. Mazoezi ya fiziotherapia nilianza nikaacha, maana yalikuwa yananiongezea maumivu badala ya kuyapunguza. Kipimo cha MRI kimeonyesha uchakavu kwenye pingili, na nilifurahi kukiona, maana angalau nilikuwa na karatasi ya kuonyesha watu.

Hatimaye nikapelekwa kliniki ya maumivu. Daktari wa hapo akanichoma sindano za ganzi karibu na pingili, akasema ni za majaribio. Mara ya kwanza, muda mfupi tu baadaye nilikuwa mtu mwingine. Nilifika nyumbani nikainama kwenye sinki kupiga mswaki bila kuegemeza kiwiko ukutani. Nikasimama pale nikapiga mswaki mara ya pili, kwa raha tu. Usiku ganzi ikaisha na maumivu yakarudi yote. Jaribio la pili lilinipa nafuu pia, ila si kama lile la kwanza. Daktari aliponitaka niseme asilimia, nikasema labda 60. Akasema inatosha, sasa tunaweza kuzichoma neva zenyewe kwa joto la mawimbi ya redio.

Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Mke wangu kasikia “kuchoma” na “uti wa mgongo” katika sentensi moja, akasema nikikubali atabaki na mume wa kusukuma kwenye kiti. Kaka yangu anasema nikubali leo hii nipone niache kulalamika. Kazini nimewekwa kazi nyepesi, na wenzangu wanasema waziwazi kwamba naigiza. Msimamizi wangu ameniambia, “Ukishatibiwa tutajua.” Hilo neno limenikaa kooni. Nikichomwa nisipone, watajua nini? Kwamba nilikuwa muongo?

Mimi mwenyewe nina yangu. Nasikia neva ikichomwa inaota tena. Sasa nichomwe kitu kitakachorudi kwa faida gani? Na kama maumivu ni onyo la mwili, si nitakuwa nimezima onyo? Na kuna jambo jingine ambalo nilishindwa kumuuliza daktari kwa sababu nesi alikuwa amesimama hapo hapo, binti mdogo sawa na mwanangu. Neva za kiuno zikichomwa, nguvu za kiume zinabaki?

Nisaidie nijue nakwenda kukutana na nini.

Nisiyeinama

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana najua ndilo uliloruka kwenda kulisoma kwanza. Neva zinazolengwa katika tiba hii haziendi kwenye uume. Haziendi kibofuni wala miguuni. Neva za tendo la ndoa na za haja zinatoka chini zaidi, karibu na kifandugu, zikapita ndani ya nyonga. Kinachosumbua wanaume wengi wenye maumivu ya muda mrefu ni maumivu yenyewe, kukosa usingizi, na baadhi ya dawa, hasa zile kali za jamii ya afyuni na baadhi ya dawa za sonona ambazo pia huandikwa kwa ajili ya maumivu. Kama tayari kuna tatizo chumbani, na swali lako linanifanya nidhani huenda lipo, mwambie daktari pamoja na orodha ya dawa zako. Unaweza kusema, “Daktari, naomba tuzungumze sisi wawili.” Nesi atatoka. Wamezoea.

Sasa mengine. Mimi si daktari wako na mgongo wako sijaupima, kwa hiyo sitakwambia uchomwe au usichomwe. Ila nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona sindano moja imebebeshwa mizigo ya watu wanne. Kaka yako anataka ikuponye. Mke wako anaogopa itakupooza. Msimamizi wako anataka imwambie kama unasema kweli. Wewe unataka ikurudishie maisha yako na heshima yako kwa pamoja. Tiba yenyewe ina kazi moja tu, ndogo kuliko yote hayo: kukata kwa muda habari za maumivu kutoka kwenye viungo fulani vidogo vya mgongo. Tuiangalie kwa ukubwa wake huo huo.

Kila pingili inashikana na jirani yake kwa nyuma kwa viungo viwili vidogo, kimoja kulia na kimoja kushoto. Viungo hivi vikianza kuuma, maumivu huwa kama ulivyoeleza: kiuno, makalio, nyuma ya paja, mara chache chini ya goti. Habari za kila kiungo hupelekwa na vineva viwili vyembamba, kimoja kutoka ngazi hiyo na kingine kutoka ngazi ya juu yake. Ndiyo maana ukisikia daktari anataka kushughulikia viungo viwili vinavyofuatana upande mmoja, usishangae akisema atachoma sehemu tatu. Hajazidisha.

Sindano za majaribio ulizochomwa zilikuwa za kuvizima vineva hivyo kwa ganzi ya saa chache, kuona kama ndivyo vinavyohusika. Ndivyo wanavyofanya kabla ya kuchoma, na wanafanya vizuri, kwa sababu picha peke yake haiwezi kusema. Hapa niruhusu nikutie kasoro kidogo kuhusu ile karatasi ya MRI uliyoifurahia. Watu wengi wasio na maumivu yoyote, ukiwapiga picha kwenye umri wako, utakuta pingili zao zimechakaa pia. Karatasi ile haikuthibitisha maumivu yako, na ingekuwa safi isingeyakanusha. Ulikuwa unatafuta shahidi, naelewa. Ila umemchagua shahidi asiyeona.

Siku yenyewe itakuwaje? Utalazwa kifudifudi, mara nyingi na mto chini ya tumbo ili mgongo unyooke. Utabandikwa kibandiko kipana, kwa kawaida kwenye paja, ili umeme upate njia ya kutokea. Ngozi itasafishwa na kutiwa ganzi, na hiyo ganzi inawaka kidogo inapoingia. Kisha daktari ataingiza sindano ndefu nyembamba huku akiitazama kwenye skrini ya eksirei. Huenda ukapewa dawa ya kukutuliza, lakini kwa kawaida hawapendi ulale fofofo, kwa sababu wanakuhitaji uwe unajibu.

Na hapa ndipo penye jibu la mke wako. Neva za miguu zinapita mbele ya mahali panapochomwa, si mbali sana, kwa hiyo hofu yake si ya kipuuzi. Ndiyo sababu kabla joto halijawashwa daktari anaweza kujaribu sindano kwa umeme mdogo. Kwanza hupitisha umeme wa hertzi 50, akuulize unasikia nini, nawe utasikia mtekenyo au mgandamizo, mara nyingi pale pale panapokuuma siku zote. Kisha hupitisha wa hertzi 2. Huo utafanya misuli ya mgongo irukeruke kwa mdundo, jambo la ajabu kidogo kama hujaambiwa mapema. Mguu ukicheza, maana yake sindano imekaribia neva isiyotakiwa, na lazima isogezwe. Si kila daktari hutumia majaribio yote mawili, wengine huitegemea zaidi picha. Muulize wako anafanyaje, na muulize mbele ya mkeo.

Baada ya hapo huongezwa ganzi, na ncha ya sindano hupashwa joto, mara nyingi nyuzi 80 za Selsiasi au juu kidogo, kwa muda wa sekunde 60 hadi 90 hivi kila sehemu. Wengi husikia mgandamizo au joto la ndani. Ukisikia maumivu yanapiga kuelekea mguuni, sema hapo hapo, usijikaze kiume. Kazi yote kwa kawaida huisha ndani ya saa moja au zaidi kidogo, unakaa kuangaliwa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Usiendeshe gari. Miguu inaweza kuwa mizito kwa saa kadhaa kwa sababu ya ganzi iliyosambaa, na hilo mwambie mkeo kabla, asije akakuona unayumba akadhani utabiri wake umetimia.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi, au wanaambiwa hawalisikii, ni wiki zinazofuata. Ulipochomwa ganzi ya majaribio ulipata nafuu muda mfupi baadaye, kwa hiyo ni rahisi kutegemea hivyo tena. Kuchoma hakuendi hivyo. Siku za mwanzo mgongo unaweza kuuma kuliko ulivyokuwa, misuli imechokozwa, mahali pamevimba. Baadhi ya watu ngozi ya mgongoni huwasha na kuuma ikiguswa na shati, kama iliyoungua jua, na hali hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kwisha. Nafuu yenyewe huja taratibu, mara nyingi baada ya wiki 2 au 3, na kwa wengine baada ya mwezi na zaidi. Mtu akikuuliza kwenye siku ya tano kama imefaulu, jibu la haki ni kwamba bado haijulikani. Najua atakuwepo wa kuuliza siku ya tano.

Ulisikia kwamba neva huota tena, na ulisikia sawa. Kinachochomwa ni sehemu ya uzi wa neva. Chembe mama yake iko mbali na joto, na polepole uzi hukua upya. Nafuu ikipatikana, kwa kawaida hukaa kati ya miezi 6 na mwaka, kwa wengine zaidi. Ikirudi kuuma, tiba inaweza kurudiwa. Wewe umeliona hilo kama hasara. Kwangu swali ni je, miezi hiyo utaitumia kwa nini? Nitarudi hapo.

Kuhusu kuzima onyo: kinachonyamazishwa ni vile viungo vidogo tu. Ngozi yako, diski zako (zile sahani laini kati ya pingili), misuli, na neva za miguu zitaendelea kukwambia mambo. Tena maumivu yaliyokaa miaka huwa yameacha kuwa mlinzi mwaminifu. Yanapiga kelele hata pale ambapo hakuna kinachoharibika. Ukijiumiza upya utajua.

Hatari zipo, na nisingependa uzisikie kwanza kwenye fomu ya kusaini. Kuna kuvuja damu, maambukizi, kipande cha ngozi kubaki na ganzi, kuungua ngozi penye kibandiko, na ile hali ya neva kuwaka niliyoitaja. Udhaifu wa mguu unaodumu ni nadra, lakini neno nadra lisikudanganye kwamba haiwezekani. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una kisukari, kama umewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo au chuma chochote mwilini, kama una mzio wa dawa, sema mapema. Dawa ya damu usiiache kwa uamuzi wako, anayeiandika ndiye wa kukwambia. Ukiamka na homa au kidonda popote siku hiyo, piga simu kabla hujatoka. Na baada ya tiba, ukipata udhaifu mpya wa mguu, ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kukojoa au kuzuia haja, au homa pamoja na maumivu yanayozidi, usisubiri miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye swali gumu: inafanya kazi? Ningependa kukupa jibu moja, lakini wataalamu wenyewe hawana moja. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa watu 24 waliokuwa na maumivu sugu ya shingo baada ya ajali za magari. Walichaguliwa kwa uangalifu mkubwa kwa sindano za majaribio. Nusu walichomwa kweli, nusu walifanyiwa kila kitu ila joto halikuwashwa. Kwa waliochomwa, muda wa kati kabla maumivu hayajarudi kufikia nusu ya yalivyokuwa ulikuwa siku 263. Kwa wengine ulikuwa siku 8. Ukisoma huo tu, utakwenda kliniki ukikimbia.

Kisha mwaka 2017 zikatoka tafiti tatu za Uholanzi, zilizohusu maumivu ya mgongo wa chini na watu 681 kwa jumla. Wote waliwekwa kwenye mpango wa mazoezi, na baadhi yao wakachomwa neva juu yake. Tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa kiasi cha kuleta maana katika maisha ya mtu. Ukisoma hizo tu, utabaki nyumbani. Mabishano hayajaisha. Wanaoitetea tiba wanasema watu wa Uholanzi walichaguliwa kwa jaribio moja tu na kwa kigezo legevu, na namna ya kuweka sindano haikuwa nzuri. Jambo hilo la sindano si dogo. Joto husambaa zaidi ubavuni mwa ncha kuliko mbele yake, kwa hiyo sindano ikisimama wima juu ya neva badala ya kulala kando yake, inaweza kuikosa. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2016 unasema tiba hii ifikiriwe pale ambapo njia nyingine zisizo za upasuaji zimeshindwa, maumivu ni ya kati au makali, na jaribio la ganzi limeleta matokeo mazuri. Ona neno walilotumia: ifikiriwe.

Nakueleza haya kwa sababu ya ile asilimia 60 yako. Kuna madaktari wanaoridhika na 50, kuna wanaotaka 80 na majaribio mawili yanayokubaliana. Wako anasema inatosha, na huenda ana sababu nzuri, ameupima mgongo ambao mimi sijauona. Lakini unaruhusiwa kumuuliza: kwa nini jaribio la pili lilikuwa dogo kuliko la kwanza? Je, alitumia ganzi ileile, sehemu zilezile? Je, kuna haja ya jaribio jingine? Na katika watu aliowachoma wenye majibu kama yako, wangapi walirudi wakiwa na furaha? Daktari mzuri hachukizwi na maswali haya.

Na pia yanajibu lile la uongo. Kuchoma kukishindikana, zipo sababu nyingi: neva ilikoswa, maumivu yanatoka pia kwenye diski au kiungo cha nyonga, ganzi ya majaribio ilivuja ikatuliza kitu kingine, au ubongo wenyewe umeshazoea kuumia. Hata nafuu ya kwenye jaribio inaweza kuchangiwa na matumaini, na hiyo ni kwa binadamu yeyote, mkweli kabisa. Hakuna kati ya sababu hizo inayoitwa uigizaji. Msimamizi wako aliposema “tutajua”, alikipa kifaa cha hospitali kazi ambayo hakina. Kinachonisikitisha ni kwamba na wewe umemkubalia.

Njia ziko mbele yako, na kila moja ina gharama yake. Ukichomwa, unaweza kupata miezi mizuri, au nusu ya uliyotarajia, au kutopata kitu zaidi ya wiki chache za maumivu ya kuchomwa. Ukisubiri, hakuna mlango unaofungwa. Neva hizo hazihami, na tiba hii si ya dharura. Ila kusubiri huku ukiendelea kumeza vidonge vya maumivu miaka nenda miaka rudi si kukaa bure. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinajulikana kwa kuleta vidonda vya tumbo na kuchosha figo. Unaweza pia kuomba jaribio jingine kwanza. Au unaweza kurudi kwenye mazoezi kabla ya yote.

Hapo kwenye mazoezi ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu uliyapita kwa sentensi moja. Ulisema uliacha kwa kuwa yaliongeza maumivu. Yaliongeza kwa siku ngapi? Uliambiwa na nani kwamba kuuma wakati wa mazoezi ni kuharibika? Inawezekana yalikuwa makali mno kwa mwanzo, au aliyekufundisha hakuwa na muda na wewe. Au maumivu yalikuwa makubwa kiasi kwamba hakuna zoezi lingewezekana. Kama ni hilo la mwisho, basi hapo ndipo kuchoma neva kunapata maana ambayo hukuiona: nafasi ya kuufundisha mgongo kazi wakati umenyamaza. Na kuna sababu ya ziada. Vineva hivyo vinavyochomwa huendesha pia misuli midogo ya kina inayoshikilia pingili, kwa hiyo misuli hiyo nayo hupungukiwa kwa muda. Mtu anayechomwa akakaa, kisha akachomwa tena akakaa, anaweza kujikuta analipia nafuu bila kujijenga. Kabla hujatoa jibu kliniki, jaribu kujua kama kuna mtaalamu wa viungo atakayekupokea baada ya tiba, na kama wewe mwenyewe utakuwa na moyo wa kumrudia.

Mkeo. Umeandika kwamba anageukia pembeni unapovaa soksi, na ulivyoandika ni kama unadhani amekuchoka. Inawezekana. Inawezekana pia hawezi kuangalia, na haya maneno makali kuhusu kiti cha kusukuma yanatoka kwa mtu anayelala na hofu kila usiku. Mimi simjui, wewe unamjua. Nenda naye kwenye miadi ijayo, mwache amuulize daktari maswali yake kwa ukali wake huo huo. Akisikia kuhusu umeme wa majaribio na mguu unaoangaliwa kama unacheza, atakuwa na kitu cha kushika zaidi ya neno “kuchoma”. Anaweza bado asikubali. Mwili ni wako, lakini wiki zile za mwanzo utamhitaji, kwa hiyo afadhali muijue mapema misimamo yenu.

Kaka yako msalimie. Mwambie hakuna aliyesema “nipone”, hata daktari hakusema.

Kuhusu kazini, usimwahidi msimamizi kitu. Omba daktari akuandikie barua inayoeleza mambo matatu tu: kwamba una maumivu sugu yanayotibiwa, kwamba matokeo ya tiba yoyote utakayoichagua huchukua wiki kadhaa kujulikana, na kazi zipi usizifanye kwa sasa. Iombe kabla ya siku ya tiba, kama utaichukua. Baada ya hapo utakuwa umelala kwa tumbo, na hutakuwa na hamu ya kufuatilia makaratasi.